Plasta Juu ya Taa

Jumatatu, 3 Februari

Nisamehe, daftari. Nimekaa muda mrefu mno bila kukuandikia. Mtoto anaota meno. Nikishika kalamu tu, analia.

Leo kama kila asubuhi. Kufungua boneti injini ikiwa baridi. Kuchomoa kijiti cha oili, kufuta, kutumbukiza, kutazama. Oili sawa. Maji ya rejeta yamepungua, nimeongeza yaliyochemshwa yakapoa, maana ya kisima yana chumvi. Filta ya hewa nimeikung'uta, vumbi la Koboko likamwagika kama unga wa muhogo. Gari kuukuu ndivyo linavyoishi. Ukilisahau, linakukumbusha njiani.

Halafu nikawasha, nikafuta dashibodi. Kwenye kona kuna plasta ya kidonda. Nikaibandua nikidhani uchafu. Chini yake taa nyekundu inawaka. Taa ya mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini.

Nikamwita Duku, mdogo wa mume wangu. Yeye ndiye aliyeliendesha nilipojifungua.

"Abiria nauliza-uliza, shemeji. Iko taa gani hii, tutakufa? Mimi nikafunika."

Nilicheka kwanza. Halafu nikazima injini.

Jumanne, 4 Februari

Makanika amesema mkanda huo haupigi hodi. Ukikatika, vyuma vinagongana ndani na injini imekwisha. Taa huwaka muda wake wa kubadilishwa ukifika. Imewaka miezi mingapi chini ya plasta, hakuna anayejua.

Nimempigia Lemi, mume wangu, huko Kampala anakoendesha lori la tajiri mmoja. Atatafuta mkanda, atautuma kwa basi. Mpaka ufike, gari halitoki hapa.

Akina mama wa nyanya ninaowapeleka soko la Arua wameenda na gari lingine. Wengine hawatarudi kwangu. Sawa. Gari hili ndilo shamba letu. Injini ikifa hatuna ya pili.

Nimechoka na bado ni Jumanne.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Wani amefariki, hospitali, Arua. Baba mdogo wa Lemi. Mungu amlaze pema.

Nilipoletwa hapa kutoka Logiri sikujua neno la Kikakwa. Yeye ndiye aliyekuja kukaa karibu na moto wangu, akaniongelesha Kiswahili chake cha jeshi mpaka nikaacha kulia. Na ndiye aliyempa mtoto wangu jina, Poni.

Huku kwetu, nyumbani kukiwa na gari na mtu akafa, gari si lako tena. Unatoa ufunguo kabla hujaombwa. Ninajua. Hata kwetu Logiri ni hivyo.

Wamekuja jioni, Duku na wazee wawili wa ukoo, wanataka gari likalete maiti. Nimekataa. Nimewaeleza mkanda.

"Mkanda iko wapi? Sisi naona gari iko muzima, nanguruma muzuri!" akasema mzee mmoja.

Na mwenzake, yule mfupi: "Bibi ya Lemi nataka mzee alipe nauli?"

Ufunguo niliufunga kwenye pembe ya kitenge nilichombebea Poni mgongoni. Duku aliuona. Angeufungua vipi, na mtoto amelala? Aligeuka akaenda.

Mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango. Hicho ndicho kilichoniuma.

Ijumaa, 7 Februari

Wamekodi pikapu. Mama mkwe ametoka asubuhi bila kumchukua Poni. Tangu azaliwe hajafanya hivyo.

Basi la Kampala limefika. Mkanda haumo.

Jumamosi, 8 Februari

Mazishi, Lurujo. Nimeenda kwa boda, mtoto mgongoni, unga mapajani. Jikoni wakanipa upande wa moshi.

"Dreva amekuja na boda," mmoja akasema. Wakacheka. Nikaendelea kusonga ugali.

Nimetupa udongo wangu kaburini. Nimelia sana. Watu walidhani ni kwa ajili ya mzee tu.

Njiani nikajiuliza kama injini ni kubwa kuliko mtu. Sijui. Ninachojua, wakija kesho nitakataa tena. Na mama mkwe asiponishikia mtoto, hata gari likipona nitalifanyia kazi vipi? Pande zote mbili ni shimo.

Jumatatu, 10 Februari

Mkanda umekuja. Makanika amelifungua gari hapa hapa uani, maana hata mpaka garaji nimekataa kuliwasha. Mama mkwe alikuwa anabambua karanga, ametugeuzia mgongo.

Mkanda wa zamani ukatoka. Meno yameng'oka sehemu nzima, nyuzi nje. Makanika akaukunja kidogo ukakatika mikononi. Kelele ndogo tu, kama muhogo mkavu.

Duku akauokota. Akautazama, akatazama chini.

Mama mkwe akageuka. "Hii ndiyo ilikuwa nataka kubeba Wani?"

"Ndiyo, mama."

Akabambua karanga mbili tatu. "Angelala Maracha, barabarani. Na nzi."

Hakuomba radhi, na sikuitaka. Aliinuka akamtoa Poni mgongoni kwangu. Ufunguo ulikuwa bado kwenye pembe ya kitenge. Akafungua fundo kwa meno, akautia mkononi mwangu, akaondoka na mtoto.

Nimekaa kwenye tairi la akiba.

Ijumaa, 14 Februari

Tumempeleka mjane wa mzee Arua, kwa dada yake. Mama mkwe mbele na Poni. Polepole. Baada ya Maracha mjane akasinzia, kichwa kwenye kioo. Taa imezimika, na safari hii imezimika kweli.

Duku ameliosha gari bila kuambiwa. Mkanda wa zamani, kipande kirefu, mama mkwe amefungia mbuzi.

Kesho Lemi akipiga nimwambie atume: filta ya hewa, filta ya dizeli, maji ya kijani ya rejeta dumu dogo, raba za waipa kabla mvua haijaanza, dawa ya ufizi ya Poni.

Plasta hapana.