Nakala ya Bure

Jumatatu, 3 Machi
Nimenyimwa mkopo. Na nani? Na kijana wa benki aliyevaa miwani isiyo na namba — vioo vitupu! Miaka kumi na moja nakata lenzi, hanidanganyi. Anavaa ili aonekane amesoma. Kaniambia bila kuinua macho kwamba jina langu ni chafu kwenye taarifa za mikopo, kuna mkopo sikuumaliza. Nikamwambia sijawahi kukopa hata sindano. Akasema mfumo haukosei. Mfumo! Neno la watu wasiotaka kufikiri.

Mzee mwenye duka la miwani ninakofanyia kazi anastaafu. Mashine, kabati la fremu, wateja — kaniachia mimi kwanza ninunue, mpaka Ijumaa ya tarehe 14. Nikishindwa, anamuuzia jamaa wa makava ya simu. Yaani ufundi wangu wote niuache, nikakae kubandika vioo vya simu.

Jumanne, 4 Machi
Nje ya benki kuna bwana mwenye meza ya plastiki. Anauza ripoti za mikopo, dakika kumi tu, eti. Foleni ya watu wazima na akili zao, wanatoa pesa na kumshukuru juu. Nikauliza bei. Bei ya fremu nzuri ya chuma. Nikaondoka.

Dukani nikaigeuza barua ya benki. Nyuma kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikaweka kioo cha kukuzia. Kifungu cha tisa: mteja aliyenyimwa mkopo ana haki ya kupata nakala ya taarifa zake bila malipo. Bure! Wameandika ili sheria itimie, wakafinya herufi ili tusisome. Washenzi.

Nikampigia dada. Ndiye mtu pekee nisiyemdharau. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, dada akanilea, akanisomesha mpaka chuo. Kasema nisijisumbue, ofisi zile zitanizungusha tu, bora tutafute pesa kwingine. Ana huruma. Ila ubishi wangu ameusahau.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisi ya taarifa za mikopo. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mlinzi akasema hapa hakuna cha bure. Nikampa kifungu cha tisa. Akakisoma mkono umenyooka mpaka mwisho — macho yamekwisha na hajui. Akanipisha.

Fomu. Kopi ya kitambulisho. Picha mbili. Njoo Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi
Mpokezi ana kucha ndefu, anabofya kwa ubavu wa kidole. Lazima ahakikishe kwamba mimi ni mimi. Mkopo wako wa mwisho ulichukua lini? Sijachukua. Akabofya. Ulikuwa wa kiasi gani? Sina mkopo. Akabofya. Akasema pole mama, umeshindwa maswali, mfumo unaonyesha wewe siye.

Mimi siye! Ili nionyeshwe mkopo nisioujua, nitaje kwanza mkopo nisioujua. Anayeujua ni mwizi. Angekuja yeye wangempa na kiti.

Nikaomba kuonana na mkubwa wake. Yuko kikaoni. Nirudi Jumatano.

Dada kapiga mara mbili leo kuuliza kama nimeachana na hayo mambo. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza. Akasema kuna mgeni mlangoni, akakata.

Jumatano, 12 Machi
Niko kwenye korido ya ofisi ile ile. Sina karatasi nyingine, nimefungua daftari hili.

Mkubwa ni mama mtu mzima, anajua kazi. Kasema ipo njia ya pili: wanatuma tarakimu sita kwenye simu iliyoandikishwa pamoja na mkopo, nizitaje, nakala inatoka hapo hapo. Zinadumu dakika kumi. Akatuma. Nikaitazama simu yangu. Kimya. Akaniuliza kama namba yangu inaishia 4417.

Si yangu. Naijua. Naipiga kila Jumapili.

Kopi za kitambulisho changu alikuwa nazo yeye, tangu nilipolazwa kujifungua. Na mimi hapa, bingwa wa kupima macho ya watu! Mpumbavu mkubwa.

Nimempigia. Nimeuliza kama amepata ujumbe sasa hivi. Hakuuliza ujumbe gani. Nikamwambia, dada, zimebaki dakika nne, na duka ni keshokutwa. Kisha akaanza kunisomea, taratibu, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kuhesabu —

7 0 2 9

Ameishia hapo. Anasema nimsikilize kwanza, mdogo wangu, zilizobaki atanipa. Analia. Mpokezi amechungulia mlangoni, ananionyesha saa. Nimeshika kalamu. Sijui nimwambie asome au aseme