Barafu Iliyeyuka, Kadi Nikazijaza

Jumanne, 25 Machi 2025. Asubuhi manyunyu, mabanda yote yamelowa.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia, mimi nafuga mbwa wa kuuza hapa Shanwe na kila kitu naandika kwenye daftari langu kwa tarehe, na tarehe 14 Februari niliandika hivi: "Chanjo zimefika kutoka Mbeya, basi lilikwama kwenye tope siku nzima, barafu yote ya kwenye boksi imekuwa maji ya uvuguvugu." Nilijua chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi, lakini wateja nilishawaahidi, nikawachoma watoto wa mbwa wanane chanjo zote mbili, ya kuhara damu na ya kichaa, nikajaza kadi na kusaini mwenyewe, na tarehe 22 watoto sita wakachukuliwa na wateja.

Mwanzoni mwa Machi mtu wa Nsemulwa akaniletea jike lake apandishwe, nikamweka banda moja na wale wawili waliobaki kwa kuwa nilishajidanganya wana kinga, yule jike akaanza kuhara damu siku ya tatu, na tarehe 11 na 12 nikawazika wawili wangu. Hapo nikaelewa kwamba kama chanjo ya kuhara iliharibika ndani ya lile boksi, ya kichaa nayo iliharibika, maana zilisafiri pamoja. Sikumpigia mteja hata mmoja.

Juzi Jumapili wifi yangu Fausta wa Litapunga, aliyechukua mmoja, akapiga simu anacheka. "Wifi, huyo Komando wako mkorofi! Mwezi uliopita kapigana na mbwa mzururaji, jana kamng'ata Aneth mkononi. Nimemwambia mwanangu acha kudeka, huyo ana kadi." Nikamuuliza kama mbwa anakula. "Hata maji hataki, kajificha chini ya kitanda. Anaona aibu!" Nikasema poleni, nikakata.

Aneth ana miaka sita. Nikisema ukweli Fausta hatanisamehe, na hakuna atakayenunua mbwa kwangu tena. Nifanye nini? Namba yangu iko chini. Nalala sasa, saa saba kasoro robo usiku.

Mfugaji, Shanwe

MSHAURI ANAJIBU

Dada wa Shanwe, kwenye kipindi hiki huwa tunaficha majina. Leo nimeyasoma hewani kama ulivyoyaandika, kwa sababu nimekupigia tangu asubuhi na hupatikani. Na wewe Fausta wa Litapunga, kama redio yako iko wazi, ile kadi ni karatasi tupu. Osha jeraha la Aneth kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama jeraha limekauka. Mbwa msimguse. Fungeni mlango, mwiteni ofisa mifugo.

Sasa wewe. Pole kwa mbwa uliowazika. Lakini ulijua tangu Jumapili, ukakata simu ukaenda kutafuta bahasha! Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna daktari wa kukirudisha nyuma. Siku za kukizuia ni hizi unazozitumia kuwawazia wateja.

Panda bodaboda uende Litapunga mwenyewe. Kisha wapigie wale watano wengine, mmoja mmoja, uwaambie ukweli, mbwa wao wachanjwe upya na mtaalamu. Usiuze wala usipandishe mpaka ofisa mifugo aridhike na mabanda yako. Sugua sakafu kwa sabuni, halafu dawa ya klorini, na viatu vya bandani vibaki bandani. Mbwa mgeni akae peke yake wiki tatu, na bakuli lake. Chanjo iliyopata joto inatupwa, na kadi ajaze aliyesomea kazi hiyo.

Utatukanwa, ndiyo, na Fausta atakuwa na haki. Msikilize mkiwa pamoja kwenye foleni ya hospitali.

Nimeona unaandika hata saa unayolala. Leo usianze na hiyo. Andika kwanza saa Aneth alipochomwa sindano yake ya kwanza, na kama bado hajachomwa, usilale.