Shingo ya Besi ya Masanja

Jumapili, Agosti 1979. Jua tangu asubuhi, vumbi jekundu limetanda kijiji kizima, nami moyo umejaa mpaka unataka kumwagika.

Masanja amerudi.

Mzima, macho mawili, mikono miwili. Naandika hivyo kwa sababu kuna nyumba katika mstari wetu wa kijiji ambayo haiwezi kuandika hivyo, na sitaki furaha inisahaulishe.

Alipoondoka kwenda vitani na mgambo wenzake, kaka yangu aliniachia gitaa lake la besi. Shingo ya zamani ilikuwa imevunjika, naye alikuwa amechonga mpya kwa mninga, kazi ya kiangazi kizima. Ilikuwa bado mti mtupu, haijapakwa kitu wala kufungwa kwenye gitaa.

"Usiiache inywe maji ya masika, Kulwa," aliniambia. "Ikipinda, basi tena."

Sikumwambia mtu, lakini nilijiwekea moyoni kwamba shingo ile ikinyooka naye atarudi, na ikipinda harudi. Ujinga, najua. Niliuamini kila siku.

Mvua zilipoanza nikafanya ambacho Msukuma yeyote angefanya. Fimbo ya marehemu baba ilipakwa samli, vibuyu vyetu vya maziwa vinapakwa samli, basi nami nikaipaka shingo samli. Nikaisugua mpaka ikang'aa, nikajisifu.

Haikukauka. Mkono ukawa unanata, sisimizi wakapanga foleni, na siku moja nikamkuta paka anailamba. Majirani zetu Wasubi walinitania bila huruma, wakauliza kama bendi ya kijiji itapiga muziki au itakaanga samaki. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia.

Lakini haikupinda.

Redio iliposema kwamba vijana wameanza kurudi, nikaapa kwamba kaka yangu hatapiga besi iliyolambwa na paka. Nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaisugua kwa majani ya msasa mpaka utelezi wote ukatoka. Fundi wa mabenchi ya kanisa alinipa vanishi iliyobaki chini ya kopo, nzito kama uji uliolala. Kwa brashi isingefika hata nusu ya shingo. Nikaipunguza uzito kwa mafuta ya koroboi yetu, na mama akanitazama tu, maana siku hizi dukani mafuta hayapatikani. Nikamwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Nikachovya kipande cha khanga kuukuu, nikaipitisha vanishi juu ya mti kwa tabaka jembamba kabisa, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nikaitundika shingo kwenye kenchi ya paa, mama akahamishia jiko nje kwa sababu ya moshi. Ikikauka, naisugua kidogo kwa msasa, naipaka tena. Tukawa tunakula kabla giza halijaingia, na mama hakulalamika hata mara moja.

Jana asubuhi nilipitisha kidole gumba. Kavu na laini kama jiwe la mtoni. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba, kitambaa mkononi, halafu nikawaita wanabendi waje waifunge na kuitia nyuzi.

Leo lori lilipowashusha vijana, mama alimshika Masanja tukadhani hatamwachia. Alipopata nafasi nikampa gitaa. Alifumba jicho moja, akaitazama shingo kutoka mwisho mpaka mwisho. Imenyooka. Akapitisha kiganja juu na chini. Kisha akainusa.

"Ulipaka samli," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze, maana Wasubi wote walikuwa pale wamekwisha kujiandaa kucheka.

"Kule nilikuwa naitafuta harufu hii," akasema, "nikawa siipati."

Hakuna aliyecheka. Bendi wakaunganisha spika kwenye betri ya lori, Masanja akapiga, na ule mkono wake wa kushoto ukawa unapanda na kushuka bila kukwama popote. Kijiji kizima kilicheza, wale majirani wakiwa mbele. Mama alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka na hakukiokota.

Sasa nimekaa mlangoni naandika haraka kabla jua halijazama, maana koroboi haina hata tone. Sijuti.

Kesho, kabla hajachoka kunishukuru, nitamwomba anifundishe kuipiga. Hakuna mkono unaoijua shingo ile kuliko huu wangu.