Dirisha la Chumba cha Ciakuthii

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo tumepata mgeni. Nilidhani ni mtu wa sensa! Kumbe ni mwanafunzi wa fizikia, anaitwa Veronicah, anapima mionzi kwenye nyumba za mawe hapa Githongo kwa utafiti wake. Ana kimashine kinacholia ti, ti, ti. Nje kwenye kahawa kililia polepole. Sebuleni kikachangamka. Chumbani, karibu na kitanda cha mtoto — mbio! Na moyo wangu mbio.

"Usijali, madam," akasema. Mionzi iko kila mahali. Inashuka kutoka angani, inatoka kwenye udongo, kwenye mawe, hata kwenye ndizi, hata ndani ya miili yetu. Nyumba ya mawe lazima ilie zaidi kidogo, si hatari. Anachofuata hasa vyumbani ni kitu kingine. Gesi. Radoni. Inapanda kutoka ardhini, inapitia nyufa za sakafu. Haina harufu, haina rangi. Ikifungiwa ndani miaka na miaka inaweza kuharibu mapafu. Akanionyesha ufa chini ya kitanda. Ufa huo huo ninaoufagia kila asubuhi!

Alitaka kuweka mashine kitandani. Mama akamzuia. Huyu ni mama mkwe, amekuja kunitunza tangu nijifungue, na mtoto amechukua jina lake, Ciakuthii. "Hiyo kitu si inahesabu? Kwetu mtoto hahesabiwi." Veronicah akarudi nyuma, akaomba radhi. Ameacha kikebe cheusi cha kupima hiyo gesi juu ya kabati. Kitakaa miezi mitatu ndipo tupate majibu. Miezi mitatu! Na mtoto anavuta hewa leo.

"Kwa sasa fungua tu dirisha," akasema akiondoka.

Fungua dirisha. Mwezi wa saba. Kwa baridi ya Githongo!

Jumapili, 6 Julai

Wanawake wa kanisa wameleta uji wa wimbi na mkungu wa ndizi. Nilikula mbili, kufika ya tatu nikaikumbuka mashine. Mimi mwalimu wa Kiswahili, fizikia niliitoroka kidato cha pili — leo naogopa ndizi.

Mama ameziba dirisha kwa blanketi kuukuu. Nikamwambia habari ya gesi, taratibu, kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema baridi ndiyo ilimchukua mtoto wake wa kwanza, chumba kilikuwa na upepo. "Sasa Kiende, hiyo gesi yako imezika nani?"

 

Jumatatu, 7 Julai

Nafungua. Anafunga. Nafungua. Anafunga.

Nimempigia mume wangu Murungi simu. "Sikiza mama," anasema. Ni rahisi kwake! Yuko kazini Siakago, analala madirisha wazi kwa joto. Nikamuuliza, na ule ufa? Ataleta simiti mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi!

Naogopa. Naandika hivyo tu. Nikimwangalia mtoto akipumua naogopa kila pumzi inayoingia.

Jumatano, 9 Julai

Mama alikwenda kuchuma kahawa. Nikatoa blanketi, nikafungua dirisha mpaka mwisho. Kulikuwa na kajua. Nikafurahi kama mwizi.

Kisha nikasinzia. Manyunyu yakaanza, na ule ukungu wetu. Aliporudi, shuka la mtoto lilikuwa baridi. Nilingoja anigombeze. Alifungua blauzi, akamlaza mtoto kifuani, akajifunika leso, akakaa hivyo hadi chakula cha jioni. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 10 Julai

Anakohoa.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha eksirei. Siwezi kukaa bure.

Asubuhi mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani akipumua. Mama ndiye aliyeona kwanza. Hakusema "nilikwambia". Alisema, "Vaa viatu."

Daktari anashuku nimonia, anataka picha ya kifua. Mionzi tena! Nimeikimbia nyumbani, naifuata hapa. Nikamuuliza fundi wa picha, maskini, maswali mengi mpaka akacheka. Ni kijana mpole, Misheck. "Mama, mionzi ya hii picha ni kama ya siku chache tu za kukaa nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu! Hajui nyumbani kwangu.

Akasema mtu mmoja aingie amshike mtoto asisogee. Akaniuliza kama nina mimba. Hapana. Akaninyooshea aproni ya kujikinga, nzito ajabu. Nikaishika ikaniponyoka. Ikaanguka sakafuni, pu! Watu wote kwenye foleni wakageuka.

Mama akaiokota. Amebeba magunia ya kahawa maisha yake yote, hiyo kwake ni khanga. Akaivaa. Nikamwambia, mama, wacha, ni mimi nafaa kuingia, hiyo mionzi ni ya kweli, si hadithi.

"Najua ni ya kweli," akasema. "Kama si ya kweli, huyu kijana angenivalisha hii ya nini?" Kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu. "Huyu ni mimi. Jina ni langu. Nikijishika mwenyewe, nani atanikataza?"

Akaingia. Mlango umefungwa. Taa nyekundu imewaka hapo juu.

Namsikia mtoto akilia, halafu kikohozi, halafu sauti ya mama, kwa Kimeru, ikimwambia atulie, atulie, tutaenda nyumbani. Misheck anasema, "Hapo hapo, msisonge."

Kuna dirisha mwisho wa korido. Liko wazi, upepo unaingia moja kwa moja hadi kwenye benchi hili, na watatoka na mtoto sasa hivi. Nimeinuka kulifunga. Nimeikumbuka gesi, nimekaa. Nimeinuka tena.