Mbwa Wako Anataka Mtu Aliyelala

Stani, ndugu yangu,

Amahoro huko uliko. Nakuandikia kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia daftari kwa sababu ile ya bluu imekauka, kwa hiyo usidhani nina hasira. Leo ni Jumamosi. Kesho baada ya misa nitasimama uani kwako, Minago, mbele ya mkeo Goreti na ndugu zako wote, nirudishe neno nililolitoa juu ya mbwa wako. Nimeona haya kuwaambia wao kabla sijakuambia wewe.

Neno lenyewe hukulisikia, maana ulikuwa umeshatuacha miezi kadhaa. Ilikuwa siku ya kuganduka, tulipokusanyika kuondoa kilio. Pombe ya ndizi ilishazunguka, wazee walishagawa ulivyoacha: nyavu kwa mdogo wako, taa za kuvulia kwa wenzako wa mtumbwini, baiskeli kwa mkweo, ambaye tayari ameipinda. Kisha shangazi yako akauliza, "Na mbwa je?"

Watu wakanyamaza. Nawe unajua mimi na kimya hatujawahi kupatana. Nikasema, "Nipeni mimi. Miaka yote hii nafundisha, sijapata hata mmoja wa kunisikiliza mpaka mwisho." Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikanogewa, nikasimama kabisa, nikaongeza kwamba Kapita hatakosa kitu maadamu mimi niko hai. Mjomba wako hakucheka. Alinipa mrija wa pombe, nikanywa mbele ya wote, na likawa neno. Nilitaka kutania tu, Stani. Jioni nikarudi Rumonge kwa pikipiki, mbwa kabanwa kati yangu na dereva, ananipumulia shingoni njia nzima.

Ni mbwa mzuri, sikatai. Ulimwita Kapita kwa kuwa, ulisema, anasimamia kazi zote na hafanyi hata moja, kama makapita wa zamani kwenye mashamba ya michikichi. Jioni nikisahihisha daftari hukaa karibu na meza akanitazama, na nikimpa mtoto sifuri nasikia aibu kidogo. Usiku ananyamaza kabisa. Jioni na usiku sina neno naye.

Shida ni mchana. Kazi yangu unaijua, uliicheka miaka mingi: "Mwalimu, unafundisha watoto kuhesabu samaki ambao wewe mwenyewe hutashika hata mmoja." Bado nafundisha zamu mbili, asubuhi darasa moja na mchana jingine. Natoka saa kumi na mbili na nusu, narudi saa kumi na moja. Siku ya kwanza nilimwachia Kapita maji na vichwa vya samaki, wale mikeke, nikamfunga kamba ndefu kivulini, nikamwambia, "Wewe ndiye kapita, simamia nyumba." Niliporudi nilikuta watu mlangoni.

Wa mbele alikuwa Hamadi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Hamadi ni mvuvi wa ndagala kama ulivyokuwa wewe, na kama nusu ya mtaa wetu. Hawa watu wanatoka ziwani asubuhi, wanauza, wanaoga, wanalala. Saa nne ya mchana mtaani kwetu husikii mazungumzo, unasikia watu wakikoroma. Na mimi, msomi, nilikuwa nimefunga mbwa anayelia katikati yao.

"Mwalimu," Hamadi akasema, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini ile mbwa yako iko inalia kama mtu amefiwa."

"Amefiwa kweli," nikamjibu.

"Pole yake. Sasa amefiwa yeye, mbona tunakosa usingizi sisi?"

Nilijaribu kila kitu. Nilimwachia shati lako la kijani, lile Goreti alilonipa. Akalilalia dakika tano, akaendelea kulia. Nilimwachia redio, Mama Zaina, mke wa Hamadi, akanipigia kelele kutoka uani kwake kwamba sasa wanaolia ni wawili na mmoja anasoma habari. Mama Zaina huyo, kwa dini yake, hamgusi mbwa hata kwa dawa, lakini alikuwa akimsukumia vichwa vya samaki kwa fimbo chini ya ua, akimwambia, "Kula, baba, kula, unyamaze kidogo." Alikula. Kula hakujawahi kumshinda. Akimaliza, analia.

Kuna wiki moja niliamini nimefaulu. Nilikuwa nimembadilishia kamba, nikamwekea gunia jipya, na wiki nzima hakuna aliyekuja kulalamika. Nilitamba shuleni, nikawaeleza walimu wenzangu kwamba mbwa ni kama mwanafunzi, anataka utaratibu. Kumbe ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Taa hazivuti ndagala mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi walikuwa wanalala usiku kama watu wengine, na mchana wako mjini. Mwezi ulipopungua, Hamadi akarudi mlangoni. Umezaliwa kando ya ziwa hili, lazima umecheka hapo. Cheka tu.

Basi nikampeleka shuleni. Nilidhani akiniona atatulia. Aliingia darasani nyuma yangu, watoto sitini wakasimama juu ya madawati, akapita kati yao bila kumtazama yeyote, taratibu, kama inspekta. Akafika nyuma kabisa, ambako binti mmoja alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, amelala fofofo. Kapita akajilaza miguuni pake. Hakulia. Somo zima hakulia. Binti alipoamka akapiga yowe, na direkta wa shule akatokea.

"Mwalimu Anselmi," direkta akasema, "hapa ni shule. Mbwa wako amemkuta mtu amelala katika somo lako. Mimi ningekuwa wewe ningeficha huyo mbwa."

Nilicheka na mimi, sikufikiri zaidi. Na hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu jibu lilikuwa limelala mbele yangu, miguuni pa mtoto.

Kilichonifanya nifikiri ni Hamadi. Wiki mbili zilizopita alisinzia akiwa kazini, ziwani, akaanguka majini na taa mkononi. Wenzake walimshika kwa kola wakamrudisha mtumbwini. Kesho yake hakuja kugombana. Alikaa kwenye ngazi yangu, akasema pole pole, "Mwalimu, niko na watoto wanne. Na mimi sijui kuogelea." Hata wewe hukujua kuogelea, Stani. Sijui nyinyi mnaingiaje kwenye maji hayo. Akaniambia anampa mbwa muda mpaka mwisho wa mwezi, baadaye vijana wa mtumbwi wake watatafuta dawa ya kumwekea kwenye samaki, na yeye hataweza kuwazuia. Hakunitisha. Aliniomba.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nimechoka. Sina desturi ya kulala mchana, unajua, ulikuwa ukiniambia walimu hulala wamesimama. Lakini siku ile nilimfungua mbwa, nikatandika mkeka ukumbini, nikajinyoosha. Kapita akaja. Akanizunguka, akaninusa uso, akajilaza ubavuni, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Akanyamaza. Mtaa mzima ukanyamaza. Nilimsikia Hamadi akikoroma ng'ambo ya ukuta, na sijawahi kusikia kitu kizuri namna hiyo.

Hapo nikaelewa. Wewe ulikuwa unatoka usiku, na usiku yeye alikuwa peke yake, hana neno. Mchana ulikuwa wake. Kila siku ya maisha yake, tangu mdogo, mchana kulikuwa na mtu mmoja amelala chini, na yeye kando yake. Mimi nipo usiku, saa ambazo hanihitaji, na mchana mshahara wangu naupata nikiwa nimesimama. Unaweza kumpa mbwa samaki, kamba, shati. Mimi mtu wa kulala mchana nitamtoa wapi?

Nilikaa hivyo saa mbili bila usingizi, mguu umekufa ganzi, naogopa kumsumbua. Kila nilipovuta pumzi kwa nguvu alifungua jicho moja akanitazama.

Kisha nikainuka.

Stani, sijui nikuandikieje hili. Nilipoinuka alishtuka, akarudi nyuma, akanitazama nikisimama. Halafu akaanza kukimbia. Alizunguka ukumbi, akatoka uani, akarudi, akanirukia kifuani, akalamba mikono yangu, akakimbia tena, kama mbwa ambaye hajawahi kuona mtu akiamka. Nikamshika kichwa nikamwambia, "Tulia, nimeamka tu." Hakutulia.

Nilikumbuka alivyosimulia Goreti. Siku ile ya mwisho ulirudi na kifua chako kile, ukalala kama kawaida, na yeye akapita mara tatu akidhani umelala, hata akawakemea watoto wasipige kelele. Mara ya nne ilikuwa karibu jioni. Alisema mbwa alikuwa bado kalala ubavuni pako, kidevu mguuni, anakungoja uamke.

Nilikaa chini pale uani nikalia. Mama Zaina aliniona juu ya ua, akaondoka bila kusema kitu, na yeye si mtu wa kuondoka bila kusema kitu.

Kesho yake, Jumapili iliyopita, nilikwenda Minago kumuuliza Goreti nifanye nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Siku ya kuganduka, shangazi yako alipouliza habari ya mbwa, Bosko alikuwa ameanza kuinuka. Bosko wako, wa mtumbwini, mliyevua naye miaka yote. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye goti ili asimame. Mimi nikamwahi kwa mzaha wangu, watu wakacheka, yeye akakaa. Bosko huhitaji muda mrefu kulitoa neno moja. Muda huo nikauchukua mimi.

Nikamfuata nyumbani kwake. Ilikuwa mchana, kwa hiyo nilingoja nje mpaka alipoamka. Nikamwambia mchukue mbwa, ni wako, nisamehe. Akatazama miguu yake muda mrefu.

"Ulisema mbele ya watu," akasema. "Utalitoa mbele ya watu. Mimi siwezi kumwiba mbwa wa marehemu kwa mlango wa nyuma."

Ndiyo hayo ya kesho. Nimeagiza pombe ya ndizi, na mjomba wako ameshapelekewa habari. Nitasimama pale pale niliposimama, na nitawaambia kwamba kitu kimoja ulichoacha kikafika mikononi mwangu, kimenishinda. Tangu jana natafuta namna ya kulisema hili liwachekeshe, nimekosa. Kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unanisikiliza, nakuuliza wewe: hivi mtu anaanzaje kusema nimeshindwa? Kambini, Tanzania, tulipokuwa watoto wakimbizi, ulipokuwa ukisinzia darasani mimi ndiye niliyekugonga kiwiko mwalimu akikaribia. Miaka yote hiyo nilijiona ndiye mwenye kukuamsha. Sikuwepo siku ilipohitajika, nilikuwa darasani na chaki. Labda ndiyo maana nilimtaka mbwa. Labda haukuwa mzaha mtupu. Sijui.

Na nikwambie ukweli wote, kwa kuwa hutaupeleka popote: sitaki kumtoa. Leo nimelala naye mkekani tangu saa saba hadi saa tisa, na nimeinuka mara tatu makusudi, bila sababu, ili nimwone akishangilia. Mtu wa umri wangu. Sasa yuko hapa chini ya meza ananitazama nikikuandikia, anafikiri nasahihisha.

Usimwonee huruma kupita kiasi. Bosko anarudi kutoka ziwani, anakula, saa tatu asubuhi ameshalala, na mkeka wake uko ukumbini kama ulivyokuwa wako. Nilimwangalia siku ile kwa saa nzima nikiwa nimekaa mlangoni juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Analala chali, mdomo wazi, hana aibu. Mtaa wetu nao utapumzika. Hamadi amesema atanitumia ndagala, nami nimemwambia asinilipe kwa kosa langu, akasema si malipo, ni usingizi.

Basi, ndugu yangu, nakuaga kwa mara ya pili, na hii ya leo imenikaa vibaya kuliko ile ya kaburini, maana siku ile kulikuwa na watu wa kuniimbia. Ahadi yangu ni hii, na sikunywa mrija wowote kwa ajili yake: kesho nitasema nimeshindwa, kwa sauti, bila mzaha hata mmoja, nitampa Bosko kamba mkononi, na nitaondoka bila kumwita mbwa jina lake. Nikija kumsalimia Goreti nitapita upande wa barabara, mbali na kwa Bosko, mpaka Kapita asahau harufu ya chaki. Sitaki anizoee tena mtu ambaye kila asubuhi anamwacha.

Lala salama, Stani. Bosko ataamka saa tisa mchana. Nimemwomba aamke taratibu, amtazame mbwa kwanza, ndipo ainuke.

Ni mimi, Anselmi wako