Mashine Ndani ya Kabati la Vikombe

Jumatatu, 4 Machi

Mpimaji wa hewa amekuja leo. Nilidhani atakuja na mitungi na mabomba — kumbe ana begi la mgongoni tu. Wifi ndiye aliyemtuma. Anasema kikohozi cha Mama kimezidi mwaka huu, na kinatoka kwenye banda la uani ambako mume wangu, Fundi, anapaka vanishi viti na makabati yake. Hewa yetu ikionekana mbaya, Wifi anamchukua mama yao akakae kwake. Hakuomba. Alisema anamchukua.

Mama ni mkwe wangu, lakini miaka sita nimemwogesha, nimemsuka, tumecheka mpaka machozi. Akiondoka sijui asubuhi nitaongea na nani.

Mpimaji ni mtu wa adabu, kavua viatu bila kuambiwa. Ameweka kimashine kama kipande cha sabuni juu ya stuli, chumbani kwa Mama. Kitakaa wiki nzima kikiandika chenyewe. Tuishi kama kawaida, tusibadili kitu. Mama akamuuliza kama kinanasa na maneno. Akajibiwa hapana, ni hewa tu. Mama akasema basi kikae.

Jumanne, 5 Machi

Stuli ile haifai. Mama akiamka kwenda msalani hupapasa, atakiangusha. Nami nikipiga deki maji yanaruka. Mali ya mtu ni amana! Jana kabla hatujalala nilikiweka kwenye kabati la vikombe vya wageni, humo humo chumbani. Kabati lenyewe kalitengeneza Fundi. Milango ya vioo ina mpira pembeni, vumbi halipiti wala sisimizi. Sasa nimetulia.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kaniuliza mashine imekwenda wapi. Nikamwonyesha. Akaitazama weee, kisha: "Mwanangu, kitu cha kunusa umekifungia?"

Siku tatu kinanusa vikombe!

Nilinyoosha mkono nikitoe. Halafu nikawaza — kisiponusa hakitasema. Kisiposema, Mama haondoki. Nikaurudisha mkono. Mungu kaniona. Mama naye kaniona, akageukia ukutani akajifanya kalala.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani sikushika hata neno moja la mahubiri. Nikifumba macho naona vikombe.

Jumatatu, 11 Machi

Kabla mpimaji hajafika nilikirudisha kimashine kwenye stuli. Akafungua kompyuta yake, akatuonyesha mstari. Umelala chini, umenyooka. Akakuna kichwa. Akaeleza kwamba mtu akilala, pumzi yake huchakaza hewa ya chumba, kwa hiyo mstari hupanda mpaka asubuhi. Huu haukupanda hata siku moja.

"Kwa mashine hii," akasema, "chumba hiki hakilali mtu."

Mama kutoka kitandani: "Basi nilishakufa, na hamkuniambia."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi, ili nisiulizwe. Mpimaji aliuliza hata hivyo — kilikaa hapa muda wote? Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mdomo huu huu ninaoombea.

Akasema basi, kwa alichokiona, hewa ni safi, ingawa kwa sauti ya mtu asiyeamini. Wifi alipigiwa simu. Akaniomba radhi. Wifi kuomba radhi! Nimelingoja hilo miaka, na leo limenikwama kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi Mama kakohoa mpaka chai ikammwagikia kifuani. Nilimshika mgongo, mbavu zinaruka chini ya kiganja changu. Nikajiuliza, nambakiza kwa uongo, na kama hapa ndipo panapommaliza?

Nikampigia mpimaji. Nikamwambia yote, hata ule mkono nilioukunja. Halafu akacheka, si kwa dharau. Akasema yuko mzee mmoja alikifungia kwenye friji kisiibwe. Atarudi Ijumaa. Akataka kumweleza Wifi yeye mwenyewe, nikamwomba hilo aniachie mimi.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Anakuja Jumamosi. Kikionyesha vibaya, Mama ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 15 Machi

Mpimaji kaleta mashine nyingine, hii ina taa, tuone wenyewe. Kijani ni salama, njano ni kuangalia, nyekundu ni hatari. Ameiweka kwenye stuli, kisha akanitazama mimi, kisha kabati. Nikaapa sitaigusa.

Jioni Fundi akamaliza kupaka vanishi kabati la mteja. Harufu mimi niliisikia mpaka jikoni. Nilikaa kitandani kwa Mama nikiingojea nyekundu. Taa ikabaki kijani. Nikasema labda ni upepo umegeuka.

Fundi hataki kungoja taa. Wiki mbili hizi hata kuimba akiwa kazini kaacha. Aliniambia kesho anabomoa banda, atatafuta pa kufanyia kazi mbele ya safari. "Siwezi kumuua mama yangu kwa ajili ya viti."

Sikumzuia. Niseme ukweli hapa, maana hapasomi mtu: nilifurahi. Banda likiondoka, Wifi atakosa sababu.

Jumamosi, 16 Machi

Tangu alfajiri Fundi anang'oa mabati.

Saa moja nikaingia kwa Mama na ndoo yangu, kama kila siku. Nikafunga mlango na dirisha asipigwe na baridi. Dawa ya kuua vijidudu vifuniko vitatu, juu yake klorini, ile nyeupe ya kutoa madoa, maana mgonjwa hakai pachafu. Nilikuwa nimeinama chini ya kitanda. Kuinua kichwa, taa ni njano. Nikadhani nimeitikisa. Nikapiga deki mpaka mlangoni.

Nyekundu.

Mama akaanza kukohoa. Nikamtoa sebuleni, nikafungua dirisha, nikapeleka ndoo uani. Nikarudi kusimama mbele ya stuli kama mtu anayesubiri daktari. Kwa muda mrefu haikubadilika. Ikaja njano. Ikaja kijani.

Nikasema isiwe ni bahati tu. Nikaileta tena ndoo, nikafunga kila kitu, nikatoka. Kurudi — nyekundu, hata kabla sijashika dekio.

Miaka sita. Kila asubuhi, na madirisha yamefungwa. Kikohozi kilipoanza nikaongeza kifuniko. Kilipozidi ndipo nikaongeza ile nyeupe. Kila Wifi aliponiambia hewa mbaya, nilisugua zaidi. Na banda nililitazama kwa jicho la Wifi, nikamwacha mume wangu alale na lawama ile upande wake wa kitanda.

Saa nne sasa. Nimekaa kwenye kitanda cha Mama, naandika. Mama kaniita kutoka sebuleni, anauliza nimenyamazia nini. Nikisema, Wifi anamchukua leo, na ana haki. Nisiposema, Mama anabaki, banda linaondoka, na kesho, nikiiacha ndoo, nitatoa sababu gani?

Geti limelia. Ni Wifi, namjua kwa kubisha kwake.

Nyundo imenyamaza. Fundi anakwenda kumfungulia. Dirisha liko wazi, nasikia kila neno.

"Karibu, dada. Limebaki bati moja tu. Kosa lilikuwa langu."