Taa ya Korido

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

"Balbu hizi zinakula umeme kidogo, zinadumu, na zinaangaza kuliko zako, kwa hiyo huna sababu ya kuzikataa." Ndivyo ulivyoandika juu ya boksi ulilotuletea. Salamu kwanza, hasira isitupokonye adabu. Hujambo? Kazi ya kufulia mashuka ya hoteli inakwendaje? Sisi wazima, ila mgongo wa mama yako unasumbua kidogo.

Sasa nikujibu. Sababu ninayo. Wakubwa walipoziondoa balbu za zamani madukani, nani aliniuliza? Leo wananichagulia balbu, kesho watanichagulia viatu. Nimeyasema haya katika makala zangu gazetini na wasomaji wameniandikia kuniunga mkono. Siwezi kuwaambia watu hivi, nami nyumbani kwangu nifanye vile.

Balbu zangu chache zilizobaki zinatutosha, maana zinahama nasi. Nikikaa kuandika, napanda kigoda, nafungua ya korido naileta mezani. Mama yako ananicheka, eti nyumba hii hata mwanga una zamu. Boksi lako liko juu ya kabati, salama.

Baba yako

Mwanangu, mimi nimeshazoea kupapasa ukuta. Usigombane na mzee kwa ajili ya taa. Mama.


19 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo. Mashine moja imeharibika, tunakamua mashuka kwa mikono, lakini tunacheka. Mgongo wa mama je? Apake dawa niliyomletea, asiitunze kama boksi langu.

Hoja yako nimeielewa: hutaki kuamuliwa na mtu. Sawa. Na mama, yeye anaamuliwa na nani? Mtu wa umri wake anakwenda chooni akipapasa ukuta kwa sababu wewe una ugomvi na wenye maduka. Weka moja tu baba, ya korido. Wasomaji wako hawatajua, na mimi domo langu nitalifunga.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nafurahi mnacheka, kazi isiyo na kicheko inazeesha. Huku mvua imeanza na bati la jikoni linavuja. Mama yako anapumzika. Suala la taa tuliache kwa sasa.

Baba yako


10 Aprili

Shikamoo baba,

Natumai hujambo, ingawa barua yako imeninyima usingizi. Tangu lini wewe ukaacha suala? Majirani hawakukuita Bwana Hoja bure. Na mama hajaandika chochote chini ya barua, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikipiga simu yake unapokea wewe na kuniambia kalala. Asubuhi kalala, jioni kalala.

Baba, mama ana nini?

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza: hujambo?

Mama yako amevunjika nyonga. Barua yako ya tarehe 19 Machi ilinifika asubuhi. Niliisoma nikakasirika, nikaapa kuijibu gazetini. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, nilipanda kigoda nikafungua balbu ya korido, nikaketi kuandika. Nilikuwa nimenogewa. Nilikuwa naandika kwamba mtu huru huangaza nyumba yake apendavyo. Mama yako akaamka kwenda chooni. Ukuta aliupapasa, anaujua. Asichokijua ni kwamba kigoda nilikiacha katikati ya njia.

Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini, na nisingeweza hata kumwona alivyolala mpaka niirudishe balbu mahali pake. Nikakiinua kigoda kilekile nikapanda, yeye akinisubiri sakafuni.

Hospitalini daktari aliuliza imekuwaje. Nikasema kateleza, sakafu ilikuwa na maji. Mama yako alikuwa palepale kitandani, anasikia. Alinitazama, kisha akageuza uso ukutani. Hakunisuta. Angenisuta ningejibu, unanijua.

Tumerudi nyumbani. Daktari anasema akijizoeza atatembea kwa fimbo, lakini yeye hataki hata kuketi ukingoni mwa kitanda. Juzi nililiteremsha boksi lako nikaweka balbu zako kila chumba. Korido sasa inang'aa mpaka nyufa zinaonekana. Nikamfungulia mlango aione.

"Inapendeza," akasema. "Zima. Huko mimi siendi tena."

Njoo, mwanangu. Mimi hanisikilizi, na ni haki yake. Labda kwako atakubali kuinuka. Nilikuficha kwa sababu niliogopa maneno yako, mimi ninayejisifu kwamba siogopi maneno ya mtu.

Nimepeleka gazetini haya hapa chini, nikataka wewe uyasome kabla ya wengine.

Baba yako

Kwenu nyinyi waume mlioniandikia kwamba mmezing'ang'ania balbu zenu kwa sababu yangu: nilijidai napambana na wakubwa, kumbe niliyemnyima mwanga ni mke wangu. Kila nilipoihamisha balbu nilihesabu kwamba nimeshinda. Giza lililobaki nyuma yangu alikuwa akilipita yeye. Msiniandikie kunitetea, na msiniandikie kunipa pole. Wekeni gazeti chini. Muulizeni mnayeishi naye ni wapi ndani ya nyumba anapita akipapasa, kisha mkaweke taa hapo leo, kabla jua halijazama.